Somo la 14: Tupime Mzigo Kabla ya Kuubeba

Shule ndogo ya kulipia na safari ya mtoto

Kila mwaka mvua za kwanza zinapokaribia, wazazi wengi wa vijiji vinavyouzunguka mji wa Tabora huulizana swali moja. Mwakani mtoto aanze shule wapi?

Zamani swali hili lilikuwa na jibu moja tu, nalo ni shule ya kijiji. Siku hizi majibu yameongezeka. Ipo shule ya msingi ya serikali, ambayo iko karibu na haitozi ada. Zipo pia shule ndogo za watu binafsi na za mashirika ya dini, mjini upande wa Cheyo na katika kata nyingine za Manispaa. Shule hizo hutoza ada. Nyingi hufundisha kwa Kiingereza. Tena kwa mtu wa kijijini ziko mbali.

Somo hili halikuambii umpeleke mtoto shule fulani. Mtoto ni wako, na unayemjua vizuri ni wewe. Somo hili linakufundisha kupima. Sasa unajua kusoma, kuandika na kuhesabu. Tumia elimu hiyo katika jambo hili kubwa la nyumba yako.

1. Watu wa Tabora na mizigo

Kupima mzigo si jambo geni kwetu. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita hapa Unyanyembe, ikaenda hadi Ujiji. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Kila mmoja alibeba mzigo wa ratili 60 hadi 70, yaani kilo 30 hivi. Juu yake aliongeza chakula chake, mkeka wake na sufuria yake.

Wageni waliosafiri nao, kama Burton na Speke waliofika hapa mwaka 1857, waliona jinsi wapagazi walivyogombania mizigo kabla ya kuondoka. Kila mtu alitaka kujua uzito wa mzigo wake. Hawakuwa wakorofi. Walijua kwamba mzigo unaobebeka kwa saa moja unaweza kumshinda mtu katika safari ya miezi.

Ada ya shule ni mzigo wa namna hiyo. Kuulipa muhula mmoja si kazi kubwa. Kazi ni kuubeba mpaka mwisho wa safari.

2. Tulikotoka

Mji wetu una sifa ya shule tangu zamani. Katika miaka ya 1920 serikali ya Waingereza ilijenga hapa shule ya kuwasomesha wana wa machifu. Hiyo ndiyo Shule ya Tabora. Mwalimu Julius Nyerere alisoma hapo kuanzia mwaka 1937. Baadaye alifundisha katika shule ya St. Mary's, hapa hapa Tabora, kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949.

Angalia jambo moja katika habari za Mwalimu. Alipoanza darasa la kwanza mwaka 1934, shule yake ilikuwa Mwisenge, Musoma. Kutoka kwao Butiama ni mwendo wa kilomita 40 hivi. Lakini hakwenda na kurudi kila siku. Alikaa huko huko bwenini. Basi hata zamani watoto walisoma mbali, ila umbali wao ulikuwa wa aina nyingine. Walisafiri mara chache kwa mwaka. Mtoto wa leo anayetoka kijijini kwenda mjini husafiri mara mbili kila siku.

Baada ya Uhuru serikali ilitaka shule ziwe za wote. Sheria ya mwaka 1969 iliziweka shule za mashirika chini ya serikali. Mwaka 1977 ulianza mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote. Mwaka 1978 sheria ililazimisha kila mtoto aende shule. Kisha mambo yakabadilika. Sera ya mwaka 1995 ilifungua mlango mpana kwa watu binafsi kuanzisha shule. Ndipo shule nyingi za kulipia zilipoanza kuota mijini.

Upande wa shule za serikali, ada ya shule za msingi iliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2016 elimu bila ada ilifika hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafika kidato cha sita. Watoto wengi waliokuwa nyumbani waliandikishwa. Hilo ni jambo jema. Lakini madarasa yalijaa. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, na shule nyingi zimezidi hapo. Kwa sababu hiyo wazazi wameanza kutazama mjini.

3. Mfano wetu

Tuseme kuna mume na mke wanaokaa kijijini, kilomita 9 kutoka Cheyo. Mume analima mahindi na karanga, na wakati wa kiangazi anatengeneza baiskeli. Mke analima pia, na siku za gulio anauza mchele na karanga. Wana watoto 3. Mkubwa ni binti wa miaka 6. Wana ng'ombe 4.

Jioni moja mke anaanza mazungumzo.

"Baba watoto, nimeona watoto wanaosoma kule mjini. Wanasoma kitabu cha Kiingereza bila kusita. Mtoto wetu akibaki hapa atakaa katika darasa la watoto 90. Mwalimu hatamjua hata jina."

"Nimekusikia, mama. Lakini shule ya hapa ni dakika 20 kwa miguu. Kule ni kilomita 9. Nani atampeleka?"

"Shule ina gari."

"Na gari lina bei."

"Mimi sikusoma nikiwa mdogo. Nimejifunza kusoma mwaka juzi, katika kisomo, nikiwa na watoto 3. Sitaki binti yangu angoje kama nilivyongoja."

Ndugu msomaji, maneno ya mama huyu ni mazito, na hakusema uongo. Darasa la watoto 90 ni tatizo la kweli. Maneno ya baba nayo ni ya kweli. Maneno peke yake hayawezi kuwapatanisha. Wachukue daftari na kalamu.

4. Hesabu ya fedha

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Wazazi wengi huuliza ada tu, kisha wanafanya uamuzi. Kumbe ada ni sehemu moja ya gharama. Tuseme shule ile ndogo ina gharama hizi kwa mwaka mmoja. (Hizi ni tarakimu za mfano. Wewe andika zile utakazopewa na shule unayoitazama.)

Ada: shilingi 600,000
Gari, shilingi 30,000 kwa mwezi, miezi 10: shilingi 300,000
Chakula cha mchana, shilingi 1,000 kwa siku, siku 194 za masomo: shilingi 194,000
Sare, viatu, vitabu na madaftari: shilingi 120,000
Mitihani na michango mingine: shilingi 40,000
Jumla: shilingi 1,254,000

Unaona? Mzazi aliambiwa laki 6. Gharama ya kweli ni zaidi ya mara mbili yake.

Sasa tugawe kwa miezi 12. Tunapata shilingi 104,500 kila mwezi. Familia yetu ya mfano, ikiisha kununua chakula, dawa, sabuni na mbegu, hubakiwa na shilingi 70,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 840,000. Basi kila mwaka watapungukiwa shilingi 414,000.

Baba anasema, "Tutauza ng'ombe mmoja kila mwaka kufidia." Hesabu hiyo nayo tuifanye. Ng'ombe ni 4. Kwa Sera ya Elimu na Mafunzo toleo la mwaka 2023, elimu ya msingi itakuwa ya miaka 6. Mwaka wa tano zizi litakuwa tupu, na mtoto bado ana miaka 2 ya kusoma. Hata kama ng'ombe watazaa, wapo watoto wawili wadogo wanaokuja nyuma. Je, hao wataambiwa nini? Na kama mmoja wao ni wa kiume, je, ng'ombe atauzwa kwa ajili yake na dada yake arudishwe? Mambo haya hutokea majumbani. Ni afadhali kuyasema mapema kuliko kuyangoja.

Kuna jambo jingine ambalo mkulima lazima alitazame, nalo ni mwezi wa kulipa. Muhula wa kwanza huanza Januari. Januari kwetu ni mwezi wa palizi. Mahindi bado mabichi. Karanga ziko ardhini. Tumbaku haijauzwa. Chakula ghalani kinapungua, na huo ndio wakati shule inataka fedha nyingi kuliko wakati mwingine wote. Mtumishi wa mshahara hupata fedha kila mwezi. Mkulima hupata kwa msimu. Mkulima anayetaka kulipa ada ya Januari ni lazima aitenge fedha hiyo wakati wa mauzo, miezi mingi kabla, na asiiguse. Asipofanya hivyo ataenda kukopa kwa riba, au atauza mazao yangali shambani kwa bei ya kutupa.

Shule ndogo huishi kwa ada za wazazi. Ada isipolipwa, mwalimu halipwi. Kwa hiyo mtoto hurudishwa nyumbani. Mtoto aliyesoma kwa Kiingereza miaka 2 au 3, kisha akarudishwa shule ya kijiji inayofundisha kwa Kiswahili, hupata taabu. Maneno ya hesabu na sayansi ni mageni kwake. Wenzake wamekwisha tangulia. Tena anaona aibu. Miaka 6 katika shule ya jirani ni bora kuliko miaka 2 ya shule ya mbali inayokatika njiani.

5. Hesabu ya saa

Fedha hupungua na kupatikana tena. Saa za mtoto zikipotea hazirudi. Tuzihesabu nazo.

Gari la shule halitoki kijijini moja kwa moja hadi shuleni. Huzunguka kuchukua watoto wengine. Anayekaa mbali kuliko wote huchukuliwa wa kwanza asubuhi na hushushwa wa mwisho jioni. Tuseme ratiba ya binti yetu ni hii:

Saa 10 na nusu alfajiri: anaamka
Saa 11 na nusu alfajiri: gari linamchukua
Saa 1 asubuhi: anafika shuleni
Saa 9 na nusu alasiri: gari linaondoka shuleni
Saa 11 jioni: anafika nyumbani

Yuko ndani ya gari saa 1 na nusu asubuhi, na saa 1 na nusu jioni. Jumla ni saa 3 kwa siku. Zidisha kwa siku 194 za masomo. Jibu ni saa 582 kwa mwaka. Hizo ni sawa na siku 24 na zaidi, usiku na mchana, mtoto akiwa garini.

Sasa tutazame usingizi. Wataalamu wa afya wanasema mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kila siku. Binti huyu anaamka saa 10 na nusu alfajiri. Ili apate saa 9 tu, lazima awe amelala saa 1 na nusu usiku. Anafika nyumbani saa 11 jioni. Basi amebakiwa na saa 2 na nusu za kuoga, kula, kufanya kazi za shule, kucheza na wadogo zake, na kuzungumza na wazazi wake. Je, nyumbani kwako chakula cha jioni huiva saa ngapi?

Mtoto asiyelala vya kutosha husinzia darasani. Mzazi atakuwa amelipa 1,254,000 ili mtoto akasinzie mahali pazuri.

Wengine husema, "Atalala ndani ya gari." Gari la watoto wengi lenye kelele, katika barabara ya mashimo, si kitanda.

6. Usalama wa njiani

Jambo hili tulitaje bila kutiana hofu, lakini tusilifiche. Mei 6, 2017, basi lililobeba wanafunzi wa shule moja ya Arusha lilitumbukia korongoni huko Karatu. Watoto zaidi ya 30 walikufa, pamoja na walimu wao na dereva. Julai 26, 2022, gari la wanafunzi lilitumbukia shimoni mjini Mtwara, na watoto wakafa. Aprili 12, 2024, mjini Arusha, gari lililokuwa likiwapeleka watoto shuleni asubuhi lilisombwa na maji ya mvua.

Kwetu mvua huanza Novemba na kwisha Aprili. Kati ya kijiji chako na Cheyo kuna mabonde mangapi? Je, kuna daraja, au gari hupita katika maji? Mzazi ana haki ya kuuliza mambo yafuatayo:

(a) Dereva ni nani, na ana leseni ya kubeba abiria?
(b) Gari limekaguliwa lini?
(c) Kila mtoto ana kiti chake, au hupakatana?
(d) Ndani ya gari kuna mtu mzima mwingine anayewaangalia watoto? Waraka wa Wizara ya Elimu wa mwaka 2024 unataka gari la shule liwe na wahudumu wa kike na wa kiume.
(e) Mvua kubwa ikinyesha, nani anaamua kwamba gari lisipite?

Wazazi wengine hutumia bodaboda kwa sababu ni rahisi. Lakini tumeona watoto 3 au 4 wamepakiwa mshikaki kwenye pikipiki moja, bila kofia ngumu. Urahisi huo ni wa hatari. Kama huwezi kulipia usafiri salama, basi hujaweza bado kulipia shule hiyo.

Je, mtoto akae bwenini? Mwaka 2023 serikali ilitoa waraka unaozuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Sababu ni kwamba mtoto mdogo anahitaji malezi ya wazazi. Wengine wana ndugu mjini, shangazi au mjomba, ambaye mtoto anaweza kukaa kwake. Hiyo nayo ni njia. Lakini nenda ukaone kwanza mtoto atalala wapi, na nani, na atafanya kazi gani akirudi shuleni. Mtoto asipelekwe mjini kusoma akageuka mtumishi wa nyumbani.

7. Jambo la lugha

Mama wa mfano wetu alisifu Kiingereza. Ana sababu. Shule za sekondari hufundisha kwa Kiingereza, na watoto wengi kutoka shule za Kiswahili hupata taabu kidato cha kwanza.

Lakini tutenganishe mambo mawili. Kujua Kiingereza ni jambo moja. Kuelewa somo ni jambo jingine. Mtoto mdogo hujifunza kusoma upesi zaidi katika lugha anayoielewa. Akisha kujua kusoma, huhamisha ujuzi huo katika lugha nyingine. Wewe msomaji wajua jambo hili. Ulipojifunza kusoma neno "maji" au "jembe", uliijua maana yake kabla ya kuona herufi zake.

Shule nzuri ya Kiingereza yenye walimu wanaokijua vizuri humsaidia mtoto. Shule ambayo walimu wenyewe wanababaisha Kiingereza humfanya mtoto kuwa kasuku. Anakariri bila kuelewa. Utajuaje? Mwombe mtoto anayesoma pale akusimulie kwa Kiswahili yale aliyoyasoma kwa Kiingereza. Akisimulia vizuri, amefundishwa. Akinyamaza, basi amekariri.

8. Nenda ukaone kwa macho

Usiamue kwa sifa za watu, wala kwa rangi ya sare. Nenda shule zote mbili, ile ya mbali na ile ya jirani, siku ya kazi. Chukua daftari lako. Tazama na uulize:

(1) Je, shule imesajiliwa na Wizara ya Elimu? Omba namba ya usajili, uiandike. Kisha muulize afisa elimu kata kama ni kweli.
(2) Walimu ni wangapi? Mwaka jana waliondoka wangapi? Walimu wakihama kila muhula, jua hawalipwi vizuri.
(3) Omba kuona madaftari ya watoto. Je, kazi zimesahihishwa? Mwalimu ameandika neno la kumsaidia mtoto, au alama ya vema tu?
(4) Vyoo ni vingapi? Vya wasichana viko peke yake? Maji yapo?
(5) Matokeo ya mitihani yakoje? Baraza la Mitihani la Tanzania hutoa matokeo ya kila shule. Mwaka 2023 liliacha kuzitangaza shule kumi bora. Kwa hiyo ukiambiwa "sisi ni wa kwanza," uliza: wa kwanza kati ya wangapi? Na watahiniwa walikuwa wangapi? Shule ya watahiniwa 12 ikifaulisha wote ni jambo jema, lakini huwezi kuilinganisha kirahisi na shule ya watahiniwa 120.
(6) Je, watoto wanaoonekana wazito huondolewa kabla ya mtihani ili shule ipate sifa?

Ukipewa fomu ya kujiunga, usiijaze pale pale. Ichukue nyumbani, uisome neno kwa neno. Usipoelewa, ilete katika darasa la kisomo, tuisome pamoja. Tazama imeandikwa nini juu ya ada isiyolipwa, na juu ya mtoto kuhama katikati ya mwaka. Kila ukilipa, dai stakabadhi na uitunze. Siku za kuweka dole gumba kwenye karatasi usiyoijua zimepita.

9. Wazazi wale waliamuaje?

Mume na mke wa mfano wetu walikwenda shule zote mbili. Ile ya Cheyo walikuta watoto 25 darasani. Madaftari yamesahihishwa. Mama alifurahi, na baba alikubali kwamba ni shule nzuri. Ile ya kijiji walikuta watoto 90 darasani. Lakini walikuta pia kwamba mwalimu wa darasa la kwanza anajua kazi yake. Shida yake ni wingi wa watoto.

Waliporudi nyumbani wakafungua daftari. Shule ile ni nzuri, lakini kwao saa 3 za njiani ni nyingi, na shilingi 414,000 hazipo. Waliamua binti aanze shule ya kijiji. Hawakuishia hapo, maana kuacha tu si uamuzi.

Zile shilingi 70,000 za kila mwezi walizigawa mara mbili. Shilingi 40,000 zinawekwa katika kikundi cha kuweka na kukopa. Kwa miezi 72, yaani miaka 6, zitakuwa shilingi 2,880,000. Hizo zitamsaidia binti akifika sekondari, wakati umri wake unamruhusu kukaa bwenini. Shilingi 30,000 zinanunua vitabu, taa ya mwanga wa jua ya kusomea, na chakula cha mchana shuleni. Kila jioni mama anakaa na binti nusu saa. Mtoto anamsomea mama, na mama anamsomea mtoto. Wote wawili wanapata faida.

Kisha mama alisimama katika mkutano wa wazazi. Alisema, "Tukiwa wazazi 60 tukichanga shilingi 3,000 kila mwezi, tutapata 180,000. Tunaweza kumpata kijana aliyesomea ualimu akajitolea kwetu, darasa likagawanywa." Mkutano ulikubali, na kamati ya shule ikaandika muhtasari. Walikubaliana pia kwamba mtoto wa asiyeweza kuchanga asifukuzwe, kwa sababu elimu hiyo ni haki yake.

Je, uamuzi huu unafaa kwa kila mtu? Hapana. Familia inayokaa Cheyo penyewe, dakika 15 kutoka shule ile ile, yenye kipato cha kila mwezi, inaweza kupima na kuona kwamba inafaa. Vilevile mzazi ambaye mtoto wake ana shida ya kuona au kusikia, na shule ya mbali ina mwalimu wa kumsaidia, anaweza kuona kwamba safari hiyo ni ya lazima. Mzigo ni mmoja, wapagazi ni mbalimbali.

Mambo ya kukumbuka

Ada si gharama yote. Hesabu kila kitu, tena kwa miaka yote.
Hesabu saa za mtoto kama unavyohesabu fedha.
Usalama wa njiani ni sehemu ya shule.
Nenda ukaone mwenyewe, na soma kila karatasi kabla ya kutia sahihi.
Shule ya jirani ni yako. Ukiiacha, iache kwa sababu. Ukibaki nayo, isaidie.

Maneno ya kujifunza

ada: fedha inayolipwa kwa ajili ya masomo
mtahiniwa: mtu anayefanya mtihani
muhtasari: maandishi mafupi ya mambo yaliyokubaliwa mkutanoni
stakabadhi: karatasi inayoonyesha kwamba umelipa, risiti
usajili: kuandikishwa rasmi serikalini
waraka: barua ya maagizo inayotolewa na ofisi kwa watu wengi

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Kwa nini mwezi wa Januari ni mgumu kwa mkulima mwenye kulipa ada?
2. Mama na baba wa mfano wetu kila mmoja alikuwa na hoja. Taja hoja moja ya kila mmoja. Wewe ungekuwa upande gani, na kwa nini?
3. Binti yule angechukuliwa na gari saa 12 asubuhi badala ya saa 11 na nusu, na kurudi saa ile ile, angekuwa njiani saa ngapi kwa mwaka wa siku 194?
4. Ni jambo gani moja ambalo wazazi wa kijiji chenu wanaweza kufanya mwaka huu ili shule ya jirani iwe bora?

Kazi ya nyumbani

Chora jedwali katika daftari lako. Upande wa kushoto andika shule ya jirani. Upande wa kulia andika shule ya mbali unayoifahamu. Chini ya kila moja andika ada, usafiri, chakula, sare na vitabu, saa za njiani, na idadi ya watoto darasani. Jumlisha fedha na saa. Mwonyeshe mwenzako wa nyumbani, msome pamoja, kisha ulete daftari darasani.